Kiitikio cha Pili

Mimi si mtu wa muziki. Mimi ni fundi wa mota na mikanda. Wakati ule nilikuwa nimetimiza miaka kumi na tisa ya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Niliingia kwenye kazi ya kupiga diski kwa sababu moja tu: Jeannot alishikwa na malaria siku tatu kabla ya arusi ya Mawazo. Mawazo ni binti wa jirani yangu Amisi, mshonaji, na Amisi hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba.

Jeannot ndiye alikuwa mpiga diski wetu pale mtaa wa Katuba. Kwenye karatasi za serikali majina ya kizungu yalikuwa yamekwisha kukatazwa, kila mtu akawa sitwayen, yaani mwananchi, na jina la mababu, lakini nyumbani aliendelea kuwa Jeannot. Alinifundisha akiwa kitandani, chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana.

"Yaya Kalaba, kaka, usifukuze mwendo," aliniambia. "Diski moja iko mbio, ingine iko polepole. Hauwezi kuzilazimisha. Ile ya mbio uihesabu mbili-mbili. Mapigo mbili ya mbio, pigo moja ya polepole. Kama mutu mukubwa na mutoto banatembea pamoja. Mukubwa anatupa muguu moja, mutoto anatupa mbili, banafika wote."

Hilo nililielewa mara moja. Ni puli kubwa na puli ndogo kwenye mkanda mmoja. Platini ya kushoto, ile sahani inayozungusha diski, ilikuwa na kishikio cha kuongeza na kupunguza mwendo, ya kulia haikuwa nacho. Basi ya kushoto ndiyo ingefuata ya kulia. Nilifanya mazoezi siku mbili baada ya kazi, kaske masikioni, kidole kwenye ukingo wa diski.

Mpango wa arusi ulikuwa hivi. Saa kumi alasiri wimbo wa Chama, kwa kuwa hakuna sherehe iliyoanza bila wimbo wa Chama, hata sherehe ya Waislamu wanaokunywa Fanta. Halafu bibi arusi aingie kwa rumba ya polepole iliyochaguliwa na shangazi yake, Alima. Wimbo wa Chama ulikuwa wa mbio. Kazi yangu ilikuwa kutoka mbio hadi polepole bila miguu ya watu kusimama.

"Kukiwa kimya hata kidogo," Alima aliniambia, "bantu ya kwa bwana arusi batasema siye bantu ya Maniema hatuyui kufanya feti ya arusi. Kalaba, unaona hii kiatu? Unaona kisigino yake? Iko ya kichwa yako."

"Shemeji, piga polepole. Hii kichwa njo yenye kuhesabu."

"Haya, hesabu."

Kiatu cha Alima hakikunitisha. Aliyenitisha alikuwa sitwayen Kapinga, mkubwa wa seli ya Chama mtaani. Kwenye kiitikio cha ule wimbo kulikuwa na jina la Kiongozi. Jina likiimbwa, kila mtu alisimama, akaacha alichokuwa akifanya, akainua mikono na kupiga makofi mpaka liishe. Kapinga alikuwa mtu wa kutazama mikono. Mwashi mmoja tuliyemwita Constantin alicheka wakati wa jina, asubuhi moja tukipandisha bendera. Walimchukua siku kumi na moja. Aliporudi, mkono wake wa kulia haukuweza tena kushika mwiko.

Sasa niseme kosa langu. Pale pa kutokea kwenye wimbo wa Chama nilipachagua kwa kusikiliza ngoma peke yake, kama ninavyosikiliza mota. Katikati ya wimbo magitaa yananyamaza, ngoma inabaki safi, pigo kwa pigo. Mahali pazuri kabisa pa kushusha sauti. Maneno sikuyasikia. Wimbo ule tuliupata redioni kila asubuhi, tukaupata kwenye salongo, ile kazi ya lazima, tukifyeka majani ya barabara, tukaupata mlangoni mwa kiwanda. Kitu ukikisikia mara elfu, hukisikii tena. Haikunijia kwamba magitaa yananyamaza pale ili kuliachia jina nafasi.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Kapinga alikaa mstari wa mbele, amevaa abakosti ya kahawia, koti la wakubwa wa Chama, mikono kwenye magoti. Nikaweka sindano. Bafle, zile spika kubwa, zikapiga. Kiitikio cha kwanza kikapita, watu wakasimama na kupiga makofi, kisha wakaendelea kucheza. Mimi nilikuwa ndani ya kaske, nahesabu mbili-mbili. Rumba nilikwisha kuishika kwa kidole upande wa kulia. Mlangoni niliona kitambaa cheupe cha Mawazo. Magitaa yakanyamaza. Ngoma peke yake. Nikaachia rumba, nikashusha wimbo wa Chama.

Rumba iliingia juu ya ngoma kama jino la gia linavyoingia kwenye mwenzake. Nilifurahi, sikatai.

Kisha nikainua macho. Watu wote walikuwa wamesimama, mikono juu, wakipiga makofi kwa kitu ambacho hakipo. Jina lilikuwa limetoka silabi moja tu. Zilizobaki nilikuwa nimezifunga kwa kidole changu mwenyewe. Makofi yakapungua, yakafa. Hakuna aliyecheza. Hakuna aliyethubutu kushusha mikono. Mawazo alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Amisi alinikaribia. Midomo yake ilikuwa ya majivu.

"Kalaba. Umekata jina."

"Nimeona."

"Mu arusi ya mutoto wangu."

Kapinga aliinuka. Kati yake na mimi kulikuwa na mita kumi na tano hivi, na watu walimpisha mbali kuliko alivyohitaji. Hakukimbia. Mtu mwenye nguvu hana haja ya kukimbia.

Niliposhusha wimbo nilikuwa nimefunga buto ya sauti tu. Sindano ilikuwa bado inatembea. Kwenye kaske, upande wa kushoto, walikuwa wanaendelea kuimba kama hakuna lililotokea. Kilibaki kiitikio kimoja. Nikikitoa vibaya, ngoma mbili zikigongana juu ya jina lenyewe, nitakuwa nimekosa mara mbili, na mara ya pili mbele ya mtu aliyesimama kando yangu.

Nikasikiliza. Wimbo wa Chama ulikuwa umeanza kuitangulia rumba. Kidogo, upana wa nywele. Nikavuta kishikio nyuma. Ukabaki nyuma kupita kiasi. Nikagusa ukingo wa diski, nikausukuma. Moja ya polepole, mbili za mbio. Mukubwa na mutoto. Bado hawakuwa pamoja.

Kapinga alifika mezani.

"Toa kaske."

"Ngoja, sitwayen."

"Unaniambia miye ngoja?"

Alinishika kola. Niliwahi kuvutwa na mkanda wa mota, najua mtu anavyohisi kitu kinapomshika na hakitaki kumwachia. Lakini kidole hakikutoka kwenye diski. Nikasikia magitaa yananyamaza. Ngoma zikakanyaga pamoja, mbili kwa moja. Nikafungua buto yote.

Jina likatoka. Lote, juu ya rumba, sauti nzito kidogo kwa sababu ya kile kishikio, kama watu wa chini ya mgodi wanaoimba wakipanda juu. Na mkono wa Kapinga ukaniachia. Haukuwa na njia nyingine. Jina likiimbwa unaacha unachokifanya, hata kama unachokifanya ni kumkamata mtu. Aliinua mikono, akapiga makofi, uso wake sentimita thelathini kutoka wangu. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na makofi yalikuwa kwenye pigo la rumba. Mawazo akaingiza mguu wa pili. Alitembea ndani ya makofi yale yote kama ni yake. Alima akapiga kigelegele hadi taa zikatetemeka.

Safari hii nililisubiri jina liishe hadi herufi ya mwisho. Ndipo nikashusha. Rumba ikabaki peke yake, na watu wakacheza.

Kapinga alishusha mikono. Akazunguka meza, akaja upande wangu.

"Ulikata jina."

"Sikukata, sitwayen. Nililificha kidogo, lipate kutoka pamoja na bibi arusi. Ni mutindo."

"Mutindo."

"Mutindo wa sasa."

Alinitazama.

"Mutu mwenye kuficha jina na kulitoa tena, lazima anayua wimbo wote," akasema. "Niambie kuplé ya pili. Maneno."

Sikuwa nayo. Hata neno moja. Nilitafuta ubeti huo kichwani, nikapata ngoma tu.

"Sitwayen," nikasema, "weye njo unatuongoza kila asubuhi. Anza, nitafuata."

Alifungua mdomo. Ukakaa wazi. Niliona macho yake yanakwenda juu kushoto, pale tunapotafuta vitu tulivyopoteza. Mdomo ukafungwa. Ukafunguliwa tena. Hakuna kitu. Asubuhi zote zile alikuwa akitutazama mikono, akichezesha midomo tu.

Akageuka haraka kuona ni nani aliye karibu. Alima alikuwa amesimama pale na sahani ya wali na nyama, sijui tangu lini.

"Sitwayen mukubwa," akasema, "chakula iko tayari. Ao munaimba kwanza?"

Kapinga aliipokea sahani kwa mikono miwili. Hakunitazama.

"Ile diski inaisha," akaniambia kwa sauti ya chini. "Weka ingine."

Nikageukia sanduku. Nikavuta diski ya kwanza niliyoigusa, nikaiweka kushoto, nikavaa kaske, nikaanza kuhesabu.