Patano la Hallunda

Fidèle alisema akikoroga chai yake, bila haraka, kwamba chumba anakihitaji kufikia Jumamosi. Shemeji yake anahamia kutoka Malmö.

Dorothée, aliyepanga chumba hicho nyumbani kwa Fidèle pamoja na bintiye Maombi tangu Septemba, aliinamisha kichwa. Mtoto alikuwa darasa la tisa, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi ya Waswidi, na shule yake iko hapo hapo mtaani Hallunda. Mahali pengine pa kulala palikuwa kwa binamu yake huko Akalla, upande wa pili wa jiji.

Olive, binti wa dada yake Dorothée, aliposikia hayo, masikio yalimwaka. Alikuwa amemaliza chuo kikuu majira hayo ya baridi ya 2009, na bado aliamini kwamba mtu akielezwa vizuri huona haya.

"Papa Fidèle, si mlikubaliana na mama mdogo hadi Juni?"

"Mkataba uko wapi? Nionyeshe karatasi."

Kilichomuudhi zaidi ni kumwona Dorothée akiitikia kwa kichwa. Ni kweli, karatasi hakuna.

Hapo Olive alishindwa kujizuia. Alisema neno mkataba tulilipata kwa Waarabu, nalo limetokana na kuandika, ndiyo maana mama mdogo anadhani hana kitu mkononi. Lakini watu walipatana kabla ya kuijua kalamu. Hata Waswidi wenyewe huita makubaliano avtal, na tal ni maneno yatokayo mdomoni. Sheria yao inalitambua patano la chumba lisiloandikwa. Iweje mtu ajifiche nyuma ya karatasi ya Waswidi ili akane alichokifanya kwa desturi ya kwetu?

"Miaka yote hiyo chuoni," Fidèle alicheka, "kumbe ulikuwa unasomea kamusi."

Olive alishuka ghorofa mbili akamleta Hervé, jirani ambaye Fidèle mwenyewe alimwita ile Septemba, akamlisha sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, ili awe shahidi. Hervé alikuja na kandambili, amechoka na zamu ya ghala la Jordbro. Hakupenda ugomvi. Fidèle alimwambia arudi tu akalale, hili ni jambo dogo.

"Nilikula hapa," Hervé alisema taratibu. "Baba yangu aliwahi kusimamia patano la shamba. Mwenye shamba alipogeuka, baba, kwa kuwa alikuwa shahidi, alimkatia yule aliyedhulumiwa kipande cha shamba lake mwenyewe. Basi Mama Maombi na mtoto watachukua chumba changu, mimi nitalala kwenye kochi. Wakiniuliza kanisani mgongo una nini, nitawaeleza."

Fidèle aliweka kikombe chini. Akanung'unika kwamba shemeji anaweza kungoja. Hadi Juni, basi. Amesema.

Olive alishusha pumzi.

"Andika," Dorothée alimwambia.

Olive alipinga: neno limetolewa, shahidi amesikia, na hilo ndilo alilokuwa akilipigania tangu mwanzo.

"Umesema vizuri, mwanangu. Lakini hata Septemba alisema. Andika kwa Kiswidi, aweke sahihi."

Olive alichana ukurasa kwenye daftari la hesabu la Maombi. Aliandika kalamu ikikaribia kutoboa karatasi, akichukia kwamba watu wa nyumba moja wamefikishana hapa. Fidèle alisoma mara mbili, akataka iwe tarehe kumi na mbili Juni, shule zikifungwa.

"Thelathini," alisema Dorothée.

Olive akaandika thelathini.