Mkuu wa Stesheni ya Mezani

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa stesheni wa kwanza wa Bukavu, mji ambao haujawahi kuona reli. Treni yangu ilikaa juu ya meza katika ukumbi wa Chama, nami nilipewa kofia, filimbi na naibu wa kunishikia filimbi.

Treni yenyewe aliitengeneza mzee Bisimwa kwa makopo ya sardini. Alifanya kazi miaka ishirini kwenye reli ya Kindu, akayaiga mabehewa ya ajabu aliyoyaona kwa macho yake: behewa la kanisa lenye kengele, behewa la jela, na behewa la zahanati lenye msalaba mwekundu. Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote, maana ndani ya lile la kweli ndimo alimozaliwa binti yake, Bulonza.

Bulonza aliolewa Walungu. Huko, kila ugomvi ulipozuka, mama mkwe alimuuliza kitovu chake kilizikwa wapi. Akijibu kwamba alizaliwa ndani ya treni, ukoo mzima ulimcheka na kumwita mwongo. Ndiyo maana Bisimwa alimwalika mama mkwe aje siku Chama kitakapoizindua treni hiyo, ajionee.

Siku tatu kabla, mkubwa wa Chama alikuja kukagua. Wananchi walikuwa wameshafanya salongo, kazi ya lazima ya umma, wamefyeka majani ya kilima kizima kwa ajili ya treni yenye urefu wa mkono. Mkubwa akaitazama jela, akaridhika. Alipofika kwenye msalaba mwekundu, akanuna.

"Citoyen, Zaïre iko mugonjwa?"

"Hapana, citoyen."

"Basi toa hii. Treni ya maendeleo haibebake bagonjwa."

Nikalitoa behewa la zahanati. Mtu mzima mimi, na kofia yangu kichwani, nikalitia mfukoni, wala sikumwambia Bisimwa neno.

Siku ya uzinduzi Bisimwa alifika na Bulonza na mama mkwe aliyevaa kitenge kipya. Mzee akahesabu mabehewa kwa kidole, akarudia tena.

"Chef, wagon ya dispensaire iko wapi?"

"Kwani ilikuwaka?" mama mkwe akauliza taratibu.

Bulonza akainama. Mkubwa alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Niliona aibu, lakini woga ulizidi.

"Imechelewa," nikasema.

Bisimwa akanitazama usoni, kisha akatazama mfuko wangu uliotuna. Mtu wa reli hafundishwi kungoja.

"Basi tutangoya," akasema, akawaketisha wanawake kwenye benchi.

Wakangoja hotuba, ngoma, na hotuba nyingine. Mkubwa alipoondoka, nikaichukua filimbi kwa naibu, nikaipuliza mwenyewe, nikalitoa behewa na kuliunga nyuma ya jela. Mama mkwe akafungua kimlango kwa ukucha. Ndani mlikuwa na kitanda cha vijiti vya kiberiti, na ukutani Bisimwa alikuwa ameandika jina la kituo walipokizika kitovu. Nikamsomea: Kibombo.

Mama mkwe akamshika Bulonza mkono.

"Mukamwana, tukirudia Walungu, miye mwenyewe ntabaambia."

Kesho yake nilivuliwa kofia. Ripoti ilisema kwamba chini ya uongozi wangu treni ilichelewa kwa muda wa saa tatu. Aliiandika naibu wangu, na kofia ilimkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi.