Unyoya wa Mwekezaji

Mwekezaji aliyapiga dawa matikiti yake saa sita mchana, maua yakiwa wazi, ingawa dada yake alikwisha kumsihi apige jioni, nyuki wakisharudi kwao. Jina la Mwekezaji alijipa mwenyewe siku aliponunua miwani ya jua. Nyumbani alikuwa kitindamimba tu, aliyelelewa kama yai.

Dada mtu akawafagia nyuki wake waliokufa chini ya mizinga, wakajaa ndoo. Akampelekea ndoo hiyo ng'ambo ya uzio.

"Dada, na wewe! Si wadudu tu?" Mwekezaji akacheka. "Dawa imefanya kazi yake."

Dada mtu alitamani kummwagia ndoo nzima kichwani. Badala yake akasema, "Haya, mdogo wangu," akarudi kwake. Tangu hapo alimchukia, na chuki ile aliitunza vizuri kama alivyotunza mizinga.

Mvua zikaja. Makundi yaliyodhoofika akayaunganisha, akawawekea nyuki maji ya sukari siku ambazo hawakuweza kutoka, akaezeka mizinga kwa mabati ili unyevu usiingie. Kiangazi kilipoanza, mizinga mitatu ilikuwa inavuma tena. Ng'ambo ya pili Mwekezaji alikuwa amepanda matikiti mengi kuliko mwaka uliopita, na kila mpita njia alitangaziwa.

Maua ya kwanza yalipofunguka, dada mtu alingoja jioni nyuki warudi, akaziba matundu kwa matambara, akaipakia mizinga kwenye mkokoteni na kuipeleka mbali, kwa rafiki yake mwenye shamba la alizeti. Hakumuaga mtu. Msitu wa jirani ulishafyekwa wote, na nyuki wengine hawakuwepo.

Matikiti yakachanua ajabu. Kisha vitunda vidogo vilivyokuwa chini ya maua vikaanza kugeuka njano na kudondoka. Mwekezaji akaongeza mbolea, akaongeza maji, akamshuku jirani kwa uchawi. Mwisho akaja kwa dada yake, miwani mkononi.

"Dada, warudishe basi."

"Akina nani?"

"Nyuki."

"Wale wadudu?" Akaokota unyoya wa jogoo uani, akampa. "Shika. Kila asubuhi, ua kwa ua. Gusa lile lisilo na kitunda, kisha uguse lenye kitunda. Ukimaliza shamba, anza upya."

Asubuhi dada mtu akabeba kigoda na kikombe cha chai hadi kwenye uzio, afaidi kumtazama akihangaika. Lakini aliyeinama katikati ya matikiti, unyoya mkononi, alikuwa mama yao. Mwekezaji alikuwa amekaa kivulini, akimwonyesha kwa kidole maua aliyoyaruka.

Chai ikamshinda. Akavuka uzio mbio.

"Mama! Nani kakutuma?"

"Mdogo wako anaumwa mgongo." Mama akajinyoosha polepole, mkono kiunoni. "Nyuki umewahamisha, mwanangu. Mimi je?"

Aibu ikampanda hadi masikioni. Alikuwa amepanga kila kitu, akamsahau mama, aliyekuwa akiishi na kupika chini ya paa la Mwekezaji.

Alikwenda kuleta mkokoteni. Jua halijakaza, kitanda cha mama, sanduku lake na sufuria zake zote vilikuwa juu yake, na mama mwenyewe ametangulia bila kugeuka nyuma.

Mwekezaji akawafuata hadi kwenye uzio. "Dada! Sasa mimi nani atanipikia?"

Dada mtu akauokota unyoya ulipoangukia, akamtia mkononi.

"Mama kaishia pale kwenye jiwe," akasema. "Endelea."