Njoo Ule Nasi

Mimi nina mdomo, sikatai. Marehemu mama yangu kule Uvira alikuwa akisema nilizaliwa mdomo ukitangulia, mwili ukafuata. Lakini safari hii mdomo hauna kosa. Kosa ni maneno matatu niliyoyaandika kwenye simu nikiwa ndani ya basi la Kipling, na nusura yanipotezee mtu ninayemheshimu kuliko wote katika jiji hili la Toronto.

Mtu mwenyewe ni Dilawar. Ni Mtanzania wa Tanga, Mwislamu wa Kishia, na kazi yake ni kupima watu macho na kutengeneza miwani huko Pickering. Miaka sita iliyopita nilikwenda kwake kupimwa, nikamwambia, kwa utani tu, kwamba nataka miwani ya kuendeshea pikipiki. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, kazi yangu kuogesha na kulisha wazee wa watu tangu alfajiri. Kanisani walipolisikia wazo hilo walicheka hadi wakashika mbavu. Dilawar hakucheka. Aliniuliza, "Dada, una viatu vinavyofunika kifundo cha mguu?"

Kumbe mwenyewe huendesha pikipiki. Akanifundisha kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, kila Jumapili baada ya misa. Nilianguka mara kumi na moja. Kila nilipoanguka alinitazama mimi kwanza, pikipiki baadaye, kisha akasema kwa upole ule ule, "Pikipiki haina haraka. Mwenye haraka ni wewe." Mtu aliyenivumilia mimi miezi minne bila kupandisha sauti, huyo nampa heshima zake zote.

Mwaka huo huo akajiunga Brice, jirani yangu hapa Rexdale, Mrundi anayefanya kazi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Tukawa watatu. Kila mwaka theluji ikishayeyuka tunatoka mwisho wa juma: Dilawar mbele, mimi katikati, Brice nyuma. Kuutazama mgongo wa Dilawar kwenye kona ni darasa tosha. Anainama kidogo tu, kama mtu anayeokota kalamu, na kona imekwisha.

Tatizo lilikuwa chakula. Dilawar hali nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu, hali samaki asiye na magamba, na migahawa ya njiani hukaanga kila kitu kwenye mafuta yale yale. Kwa hiyo hubeba kopo dogo la bati lenye yai la kuchemsha. Sisi tunaagiza kuku na chipsi, yeye anafungua kopo lake na kusema, "Karibuni." Sisi, watu tuliofundwa adabu, tunajibu, "Ahsante, endelea tu." Naye anasema, "Basi kuleni, kuleni." Miaka sita mambo yakawa hivyo, na mimi nikaona hapana ubaya.

Mwezi wa sita mwaka huu tukaingia mgahawa mmoja wa kijijini. Mwenye mgahawa akamwambia Dilawar kwamba hapo hapaliwi chakula kilichotoka nje. Dilawar akasema, "Haidhuru," akatoka na kopo lake. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama chini ya ukingo wa paa, anakula. Na sisi? Chipsi zetu zilikuwa zimeshaletwa. Tulikula. Nasema ukweli wangu: tulikula mpaka tukamaliza.

Safari mbili zilizofuata hakuja. Alisema ni mgongo. Mgongo gani? Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni, nikaapa kwamba Dilawar atakula mezani pamoja na mimi kabla theluji haijaanguka.

Nikamkumbuka Rida. Huyu ni mama wa Kimalesia niliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee, na mwaka jana alihamia na mumewe kando ya ziwa linaloitwa Rice Lake, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Wamefungua kimgahawa cha meza nne. Nikampigia simu. Nyama imechinjwa vipi? Kwa bismillahi, akasema. Dagaa wenu wana magamba? Rida akashangaa. "Donatienne, tangu lini wewe unauliza magamba ya dagaa?" Nikamwambia jibu swali. Wanayo, akasema, madogo sana, lakini wanayo. Basi akanitajia chakula chao wenyewe, wali uitwao nasi lemak, na namna unavyopakuliwa. Nikaruka kwa furaha.

Dilawar tulimbembeleza, akakubali kwa shida. Ijumaa, ndani ya lile basi, nikamwandikia: "Kaka, kesho yai lako liache nyumbani. Njoo ule nasi."

Hakujibu. Baada ya nusu saa simu ikaonyesha kwamba Dilawar amejiondoa kwenye kundi letu la pikipiki.

Nilikasirika! Nilimpigia Brice nikamlalamikia mpaka kituo cha mwisho cha basi. Jioni akapiga Wajiha, mke wa Dilawar.

"Dada Donatienne, umemwandikia nini mume wangu?"

"Nimemwalika kula! Kosa iko wapi?"

"Anasema miaka sita hamkuona shida ale peke yake, mpaka akala mvuani. Leo mnamwambia atupe chake, aje ale na ninyi vitu ambavyo mnajua kwamba yeye hali. Anasema mmemdhihaki."

"Ale na siye? Nani alisema ale na siye? Nilisema ale nasi!"

"Si ndiyo hiyo hiyo, dada? Nasi ni 'na sisi'."

"Kwetu hatusemake vile, Wajiha. Kwetu ni 'na siye'. Nasi ni wali! Wali ya Malesia!"

Hapo Wajiha akacheka mpaka akakohoa. "Njooni wenyewe asubuhi mmwambie," akasema. "Kwenye simu hatakuamini. Na mayai nimeshayachemsha."

Jumamosi saa moja asubuhi mimi na Brice tulikuwa Pickering. Dilawar alitoka mlangoni na kanzu, kikombe cha chai mkononi. Nikaeleza yote kwa pumzi moja, na kelele zangu zikamwamsha mbwa wa jirani. Alinisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa upande.

"Wali?" akauliza.

"Wali wa nazi, kaka. Nyama imechinjwa na Mwislamu. Dagaa wana magamba, nimeuliza."

"Umeuliza magamba?"

"Nimeuliza."

Dilawar akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa jaketi lake la ngozi, na kopo la bati liko mkononi.

"Kaka, nilisema liache nyumbani!"

"Hili halikai nyumbani," akasema, akawasha pikipiki.

Ilikuwa siku nzuri ajabu. Septemba hapa ina jua lisilounguza, na mahindi yalisimama marefu pande zote mbili za barabara. Dilawar hakutupitisha kwenye barabara kuu hata kidogo. Alitupeleka kwenye vilima ambavyo ukifika juu unaona shamba, ghala jekundu, kanisa, halafu shamba tena. Mahali penye mchanga alinyoosha mguu kutuonya, kama alivyofanya siku zote. Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Nilimfuata nikiwa na furaha na hofu pamoja, maana kuja amekuja, lakini kula bado.

Ziwa likatokea, tulivu, rangi ya bati. Rida alikuwa mlangoni. Akamsalimu Dilawar kwa Kimalei, "Apa khabar?" na Dilawar, bila kufikiri, akajibu, "Habari njema." Wote wawili wakashangaa, kisha wakacheka. Tukaketi meza ya nje. Akaja na sahani tatu.

Sijui nianze wapi kuusifu wali ule. Umepikwa kwa tui zito pamoja na jani moja refu la kijani lililofungwa fundo, na mvuke wake unanukia kabla sahani haijatua. Pembeni dagaa wakavu waliokaangwa, wanaofanana na wale ambao sisi wa Ziwa Tanganyika tunawaita ndagala. Karanga. Vipande vya tango. Nyama iliyopikwa kwa tui mpaka mchuzi wote ukaingia ndani yake. Pilipili nyekundu iliyokaangwa na vitunguu, inayokudanganya kwa utamu kwanza. Na juu ya kila sahani, yai zima la kuchemsha.

Dilawar aliliangalia lile yai. Akaangalia la Brice. Akaangalia la kwangu.

"Ndiyo maana niliandika liache nyumbani," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, kitu ambacho hakitokei.

Dilawar alinawa, akasema bismillahi, akafinyanga tonge. Mimi na Brice hatukugusa chakula. Tonge likaingia. Akatafuna taratibu, machozi yakamlengalenga, nikashtuka.

"Pilipili hii," akasema, "inatukana." Akachukua tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Basi tukala. Brice alikula mpaka akalegeza mkanda, akamwita Rida, "Mama, nasi tena!" Dilawar akasema, "Nasi tena, na sisi tena," akacheka peke yake. Nilimtazama akinyofoa nyama na dagaa kwa vidole vyake vya fundi, mezani, juani, pamoja na sisi, na nikasema moyoni, Mungu wangu, ahsante.

Kisha akalivuta lile kopo, akafungua kifuniko, akalisogeza katikati ya meza.

"Karibuni," akasema.

"Ahsante, endelea t..." nikaanza, kwa mazoea. Halafu nikachungulia ndani.

Kulikuwa na mayai matatu. Yamemenywa, meupe, na vipakiti vitatu vidogo vya chumvi na pilipili manga.

"Tonton," Brice akasema, maana humwita mjomba kwa Kifaransa, "leo umebeba matatu?"

"Siku zote ni matatu."

"Siku zote?"

"Nilikuwa nawaambia karibuni, mnasema endelea. Ningefanyaje, niwashike mikono?" Alisema hivyo bila lawama hata chembe. "Yanayobaki Wajiha huyatia mchuzi. Kila tukirudi safari, kwetu ni mchuzi wa mayai."

Miaka sita. Brice alikuwa anatazama ziwa kwa nguvu zote. Nikanyoosha mkono nikachukua yai moja kutoka kwenye kopo, nikafungua kipakiti, nikalinyunyizia chumvi. Kwenye sahani yangu lilikuwepo la Rida, sijaligusa bado.

Nikala la Dilawar kwanza.