Mbavu Tatu za Fahali wa Mwaka

Saa moja asubuhi pale Liwatoni wavuvi walikuwa wamejikunyata chini ya mashua zilizopinduliwa, maana mvua ilikuwa ikija kwa kulala, ikisukumwa na upepo. Mung'aro, mswaga ng'ombe wa machinjioni, alimkagua fahali wa mwaka kwa mara ya mwisho: masikio mazima, meno kamili, ngozi nyekundu isiyo na hata mkwaruzo. Kila mwaka fahali mmoja huzungushwa mji kwa kufuata pwani, ayabebe mabaya yote ya mwaka uliokwisha, kisha huchinjwa Bondeni na watu wakapumua. Kwa desturi wazee humfuata na vyetezo wakisoma dua. Safari hii walitazama mbingu, wakaghairi.

"Mvua hii itatumaliza," alisema Kamaludin, mwenyekiti wa kamati, kutoka ndani ya gari. "Mtembeze wewe. Mji uwe mkono wako wa kushoto, na usikate ndiya kupita katikati. Ukikata ndiya, kazi bure."

Mung'aro hakuufuata ujira. Mwezi wa tatu mdogo wake Dzoro, mpagazi katika ghala la Kamaludin, aliokotwa majini. Karatasi waliyopewa ilisema amekufa maji. Mung'aro aliuosha mwili ule mwenyewe: tundu juu ya jicho la kushoto, mbavu tatu zimekatika, alama za kamba mikononi. Ghalani waliapa kwamba siku hiyo hakufika kazini. Tangu hapo mama yao, Mapenzi, hakupata usingizi. Alitaka aambiwe mwanawe alifia mahali gani, basi.

Hawajatoka Liwatoni, sikio la kulia la fahali likapasuka mpaka shinani. Mabaharia wawili walikuwa wamekatana hapo. Mung'aro alilifunga kwa kitambaa, wakaendelea. Karibu na kivuko fahali alipata mapanga matatu ya mgongo, moja baada ya jingine, na muuza mihogo akasogeza karai lake lisirukiwe na damu.

"Hayo ya wale vijana wa Jumapili," alisema, akageuza mihogo.

Mbele kidogo, pale watu wanapoegesha magari watazame bahari, fahali alitema meno mawili. Mung'aro aliyatia mfukoni. Alikisia kuwa ni ya mke wa mtu. Mawimbi yalikuwa yakipanda mpaka njiani na kumpiga magotini kama mtu mwenye kisa naye, na mara mbili yalimwangusha akashikilia kamba. Chini ya Ngome fahali alikohoa, akatoa risasi ya duara iliyoota chokaa. Hiyo haikuwa ya mwaka huu. Mung'aro aliipiga teke ikaingia majini.

Mji wa Kale walipita nyuma ya nyumba, juu ya mawe yenye ukoga. Nyuma ya ghala la Kamaludin fahali alisimama. Alama za kamba zilijichora kwenye miguu yake ya mbele. Ubavu mmoja ukakatika, ukafuata wa pili, na baada ya kitambo wa tatu. Mung'aro aliusikia kila mmoja. Kisha pakabonyea juu ya jicho la kushoto, na maji ya chumvi yakamtoka mnyama puani. Mung'aro alitia kidole penye tundu. Aliujua ukubwa wake. Alilia kwa ghadhabu, kwa sauti, wala ile mvua haikuificha sauti yake.

Bawabu wa ghala, Bramwel, alitoka na ndoo mkononi.

"Kaka, usinichafulie hapa. Mwezi wa tatu nilisugua mpaka mikono ikachubuka."

"Ulisugua nini?"

Bramwel aliitazama ndoo yake. "Walisema ameiba gunia la iliki. Walikuwa wanne. Kesho yake gunia likaonekana nyuma ya mizani."

"Na tajiri alikuwapo?"

"Yeye ndiye aliyeshika kamba."

Mung'aro aliishika kamba yake mwenyewe na kuendelea, mji mkono wa kushoto. Hakukata njia.

Alifika Bondeni alasiri. Kamati ilikuwa chini ya turubai, na masufuria ya pilau yalikwisha kuinjikwa. Kando alifungwa fahali wa pili, mweupe, mkavu, hana hili wala lile, aliyenunuliwa kwa tahadhari. Kamaludin alimzunguka yule mwekundu, akambonyeza mbavu kwa kidole gumba.

"Huyu ana vilema," alisema. "Mwenye kilema hatindwi. Mchinjeni yule mweupe."

"Mbavu hizi ni za Dzoro," alisema Mung'aro. "Zilivunjiwa nyuma ya ghala lako, na kamba uliishika wewe."

Waliokuwa wakimenya vitunguu wakaacha.

"Mungu amrehemu," alisema Kamaludin. "Mimi nasema juu ya ng'ombe."

Maalim Khubaib, msomaji wa dua, alimtazama fahali mpaka machozi yakamlengalenga. "Kwa masharti, mwenyekiti asema kweli," alisema mwishowe. "Huyu hafai." Vitunguu vikaendelea kumenywa.

Fahali mweupe, ambaye hakupita popote, alichinjwa. Dua ikasomwa, mvua ikakatika saa ile ile, na watu wakala wakishukuru kwamba mji umesafika. Mung'aro alikwenda kituoni, akaambiwa kwamba ng'ombe hatoi ushahidi. Akamswaga mwekundu polepole mpaka kwao Kisauni. Mapenzi alimpapasa mnyama mbavu, akauliza ni wapi, akaambiwa. Akalala fofofo mpaka asubuhi.

Ila kwa kuwa fahali hakuchinjwa, kazi yake haikwisha. Jumatatu aliungua shavu. Jumatano alipofuka jicho la kulia. Mapenzi alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akimwita mwanangu, na majirani wakazoea kuuliza hali yake wapitapo.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, mbavu tatu za upande wa pili zilikatika, na maji ya chumvi yakamtoka tena puani. Mung'aro alivaa shati, akashuka mpaka Mji wa Kale. Ghala lilikuwa wazi, wapagazi wakipokezana magunia. Bramwel alikuwa nyuma, amepiga magoti kando ya ndoo, akisugua.