Vikombe Viwili

Mimi nikianza habari ya meli, watu hapa Kitengela wanacheka. Ati Mmasai na bahari, wapi na wapi. Chekeni tu. Niliishi ndani ya meli miezi mitano, mwaka wa tisini na tisa, na kama uko na adui, mtafutie kitanda humo.

Ajenti alikuja Namanga akitafuta watu wanaojua mifugo, wa kuhudumia kondoo kutoka Mombasa mpaka Uarabuni. Nikamwambia jirani yangu Ouma, ambaye alikuwa ameachishwa kazi kiwandani. Ouma alikuwa mtu wa Busia, fundi wa mashine, hajawahi kushika hata pembe ya mbuzi. Nikamfundisha kwa mbuzi zangu alasiri moja. Beberu akamwangusha mara tatu, na mke wake Nelima akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kuondoka Nelima hakucheka. Alinishika mkono mbele ya watu.

"Baba Soila, huyu hajui kitu ya mifugo, na hajui kuogelea. Ni wewe unampeleka. Utanirudishia?"

Nikamwambia nitamrudisha. Nilisema tu vile watu husema, huku mawazo yangu yakiwa kwa safari.

Sasa sikizeni vile watu wanaishi humo. Chumba chetu kilikuwa chini ya zizi la kondoo. Watu wanne, vitanda vya kupandana, dirisha hakuna. Bati la juu limeliwa na kutu, kwa hivyo mkojo wa kondoo unadondoka juu yenu mchana na usiku. Ouma alitundika mkebe wa maziwa ya unga kwa waya juu ya mto wake, akawa anaumwaga kila asubuhi. Ile hewa inachoma macho mpaka unalala na kitambaa cha maji usoni. Kuoga ni kwa maji ya bahari, sabuni inakataa kutoa povu, na chumvi inabaki ikikuwasha siku nzima. Chakula ni mchele na ndengu, kesho mchele na ndengu. Nyama ni siku kondoo amevunjika mguu. Pasipoti kapteni alikuwa amezifungia kwake, na ukilalamika anakuonyesha bahari kwa kidole, eti mlango ni ule.

Ouma hakumaliza wiki kwa kondoo. Walijua mara moja tumewadanganya, lakini walipoona anaelewa spana wakamteremsha kwa injini. Huko chini kulikuwa na joto ambalo hata sijui nilielezeje. Akitoka zamu alikuwa anakaa kwenye ngazi, nguo zimeloa chapachapa, ananiambia, "Ole Simel, hata Magadi ni friji."

Safari ya tatu, mwezi wa nane, injini ikafa katikati ya bahari. Ile mashine ya kugeuza maji ya chumvi yawe ya kunywa ilikuwa inategemea injini, kwa hivyo yakabaki maji ya tangi peke yake. Kapteni akasema kila mtu apewe vikombe vitatu kwa siku, na mengine yote ni ya kondoo, kwa sababu kondoo wako na mwenyewe anawangojea. Ufunguo wa tangi akanipa mimi. Alikuwa ameniona nikinywa kikombe kimoja asubuhi na kukaa hivyo mpaka jioni, akasema huyu hawezi kuiba maji.

Lakini mimi ndivyo nililelewa. Kwetu Kimuka, mtoto wa kuchunga anakunywa maziwa asubuhi, halafu hagusi kitu mpaka ng'ombe wafike majini, na wakifika, wao ndio wanakunywa kwanza. Ukilia kiu wenzako watakucheka mpaka siku ya kutahiriwa. Nilikua nikijua kiu ni kitu ya kuzoea, kama baridi ya asubuhi. Na hiyo ndiyo akili nilipanda nayo meli.

Vikombe vyangu viwili vilivyobaki nilikuwa nampa kondoo mmoja aliyezaa safarini. Nilimwonea huruma, maziwa yalikuwa yamemkauka.

Siku ya nne, jioni jua likiwa bado juu, Ouma akanifuata zizini. Walikuwa wameifungua ile injini na wanashinda humo zamu mbili bila kupumzika. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Simel, niongezee kimoja tu."

"Vyako umemaliza?"

"Nimemaliza tangu saa nne."

Nikamwambia, "Ngoja kesho bwana. Kwetu hata mtoto wa miaka saba anangoja."

Akaangalia yule kondoo akinywa kutoka kwa kikombe changu. Aliangalia mpaka kikaisha.

"Kumbe ningezaliwa kondoo," akasema, akacheka kidogo. Na mimi nikacheka. Akarudi chini.

Kesho yake saa sita mchana wakampandisha wamembeba, akiongea Kisamia, lugha ya kwao, maneno yamechanganyika. Nikamgusa. Ngozi ilikuwa kavu, hata tone la jasho hakuna. Nikasema afadhali, kama hatoki jasho joto limempungua. Mimi huyu, ambaye ng'ombe akikataa nyasi nusu siku najua ana nini, sikujua rafiki yangu anakufa mikononi mwangu. Hapo ndipo nilikumbuka maji. Nikafungua tangi bila kuuliza mtu, nikamletea kikombe baada ya kikombe, yakawa yanatokea kando ya mdomo. Saa tisa alikuwa amekwisha.

Friji ya nyama ilikuwa imeharibika, kapteni akasema hakuna mahali pa kumweka. Tukamfunga kwa blanketi lake, tukamtia vyuma miguuni, tukamteremsha. Yule kondoo alikufa siku mbili baadaye, na mtoto wake pia.

Nilifika Kitengela mwezi wa kumi. Nikaenda kwa Nelima moja kwa moja, nikampa ule mkebe wa maziwa, na nikamwambia yote, hata ile ya kondoo na vile nilimjibu Ouma. Mke wangu anasema nilikuwa mjinga, ningesema joto limemuua na ingekuwa kweli. Sijui. Nilishindwa kukaa mbele ya yule mama na kumpa nusu.

Nelima hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Vikombe viwili?"

"Viwili."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama Beverlyne."

Akachukua mkebe, akaingia ndani. Huko Busia walizika mgomba mahali pa mwili. Mimi sikuitwa.

Mwaka uliofuata ukame ukatumaliza. Ng'ombe wangu waliisha wote, nikabaki na mbuzi kumi na moja. Bomba lililobaki na maji upande wetu lilikuwa la kanisa, na aliyewekwa kulifungua na kulifunga ni Nelima. Binti yangu Soila alikuwa anaenda na mtungi, na Nelima anamjazia vizuri, anamsaidia hata kujitwika. Mimi nilikaa wiki mbili nikimkwepa. Lakini mbuzi nao hawajui mambo ya watu, nikawapeleka.

Alinisalimia kwa heshima. Akawafungulia mbuzi maji kwenye karai, wakanywa, akaongeza, wakanywa mpaka wakaacha wenyewe. Nilikuwa nimetembea tangu asubuhi na koo imekauka, nikatoa kikombe changu kwa begi.

"Niwekee kidogo, mama Beverlyne."

Akafunga bomba.

"Ngoja kesho, baba Soila," akasema polepole. "Kwenu hata mtoto wa miaka saba anangoja."

Nikarudisha kikombe kwa begi, nikaswaga mbuzi wangu kurudi nyumbani. Kesho yake niliwapeleka tena, wakanywa wakashiba, na kikombe sikubeba.