Mpinzani wa Baba

Tangu Lejzor apakiwe kwenye treni pamoja na wagonjwa wengine wa geto, mtaa walimofungiwa Wayahudi, Mzee Getzel hakufungua tena kitabu. Miaka nenda miaka rudi wazee hao wawili walisoma sheria ya dini pamoja, mmoja akisema, mwenzake akimpinga, kwa kelele ambazo wapita njia walidhani ni ugomvi. Sasa Getzel alilala ameugeukia ukuta. Mkate wake aliuacha mezani.

"Kula wewe, mwanangu," alimwambia Frumet. "Wewe ndiye unayefanya kazi."

Frumet alishinda kiwandani akisuka viatu vya majani makavu kwa ajili ya askari wa Kijerumani. Jana yake alikuwa ameula mkate ule, na juzi pia. Alijua hasa anachokula: alikuwa akimla baba yake.

Jioni hiyo hakuugusa. Aliketi kando ya kitanda na kufungua kitabu.

"Watu wawili wako jangwani," alisoma. "Mmoja ana chupa ya maji. Wakinywa wote, wote watakufa. Akinywa mmoja, atafika mjini. Mwalimu wa kwanza anasema wanywe wote. Wa pili anasema uhai wako unatangulia wa mwenzako. Na sisi tunamfuata wa pili. Sivyo, Baba?"

"Ndivyo. Kalale."

"Mkate huu ni mgawo wa nani?"

Getzel alijifunika blanketi mpaka masikioni.

"Ni wako. Chupa iko mkononi mwako. Mbona unampa mwenzako?"

"Wewe si mwenzangu. Wewe ni mwanangu."

"Imeandikwa wapi kwamba mtoto hahesabiwi? Nionyeshe."

Nyuma ya pazia, jirani yao Bi Cyrla alicheka mpaka akakohoa. "Mzee Getzel, binti kakubana! Jibu basi. Ukijifanya maiti tutakuchukulia blanketi!"

Getzel aligeuka. "Nani kakufundisha kuuliza kama muuza samaki?"

"Lejzor angeuliza hivi hivi."

"Lejzor angeuliza vizuri zaidi!" Akajiinua kwa kiwiko. "Angesema: mwenye chupa karuhusiwa kunywa, lakini je, kalazimishwa? Nikitaka mwenyewe kukupa?"

Tumbo la Frumet lilimwomba ashindwe. Lilimwomba waziwazi, na aibu ikampanda usoni.

"Uhai si mali yako, Baba," alisema hatimaye. "Wewe mwenyewe ulinifundisha. Umewekewa amana tu. Utagawaje amana ya Mwenyezi Mungu?"

Mzee akamtazama kana kwamba amemwona sasa hivi.

"Huo," alisema taratibu, "huo ndio upinzani."

Akashusha miguu sakafuni. Frumet alimmiminia maji mikononi. Akasema baraka ya mkate, na Bi Cyrla akaitikia "Amina" kutoka kwake. Getzel alitafuna polepole, huku akimweleza bintiye mahali hoja yake ilipokuwa dhaifu. Frumet aliikalia mikono yake isije ikanyoosheka yenyewe.

Kilipobaki kipande kimoja, mzee alikishika, akamtazama.

"Na hiki je?"

"Sheria ni ile ile," alisema Frumet, akageuza uso mpaka aliposikia amemeza.